Neno Panic na Ndugu Zake wa Kiswahili

Watoto wetu shuleni hukutana na neno la Kiingereza panic, nao huuliza maana yake. Mwalimu akijibu "hofu" tu, hajalimaliza. Mwenye hofu aweza kutulia akafikiri. Bali aliyeshikwa na panic amekwisha kukimbia, wala hajui aendako.

Asili ya neno hilo ni Kiyunani, nalo lilipita katika Kifaransa kabla ya kuwafikia Waingereza. Wayunani wa kale walikuwa na mungu wa wachungaji, jina lake Pan, mwenye pembe na miguu ya mbuzi. Hofu ya ghafula isiyo na sababu ya kuonekana, walisema yatoka kwake. Nasi wafugaji wa Mbeya na Iringa twaijua: mbuzi mmoja akiruka, kundi zima hutimka, ingawa wengine hawakuona kitu.

Kiswahili chatupa neno taharuki. Limetoka katika Kiarabu, shina moja na haraka na harakati, na maana ya shina hilo ni kwenda, kutikisika. Basi haraka ni mwendo wa upesi. Taharuki ni mwendo usio na bwana.

Mfano tunao Lugalo, karibu na Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani lilipita pale kwa msururu mrefu. Wahehe wa Mtwa Mkwawa wakatoka mafichoni, wakalirukia kwa mikuki. Askari walikuwa na bunduki, lakini hazikuwafaa. Kwa dakika chache safu ikavunjika, na mkuu wao, Zelewski, akauawa.

Wala taharuki haingoji vita. Huko Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa ibada, umati ulipokimbilia mafuta yaliyosemwa kuwa na baraka. Hapakuwa na adui wala moto. Haraka ya wengi iligeuka taharuki, na waliokuja kuombewa wakarudishwa kwao kuzikwa.

Basi, wazazi na walimu, somo la neno hili lisiishie ubaoni. Darasani, watoto wazoezwe kutoka mlangoni mmoja mmoja, pasipo kusukumana. Nyumbani, kila mkubwa ajue ni mdogo yupi atakayemshika mkono moto ukizuka. Siku ya hatari haina nafasi ya kufundishana. Hutumika lile tu lililofundishwa siku ya amani.