Fundi wa Mawe Aliyelipwa kwa Kucheza Mpira

Hizi ni habari za Fergus Suter, mtu wa Uskoti, mmoja wa watu wa kwanza kupewa fedha kwa kucheza mpira.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1857, akajifunza kazi ya kuchonga mawe ya kujengea, na huko akachezea chama cha Partick. Mwaka 1878 akahamia Darwen, mji wa viwanda vya pamba katika Uingereza. Kazi ya mawe akaiacha upesi. Yasemekana aliyaona mawe ya Kiingereza kuwa magumu kuliko ya kwao. Watu wakaulizana: Kama hachongi mawe, ala nini?

Wakuu wa mchezo, wengi wao mabwana wenye mali, walitaka uchezwe bure. Mwaka 1882 wakakataza kwa sheria kumlipa mchezaji zaidi ya gharama zake na ujira alioupoteza kazini. Kwa tajiri neno hili lilikuwa jepesi. Kwa fundi lilikuwa zito. Suter alipokea kwa siri. Baadaye alieleza kwamba hakuwa na mshahara uliopangwa, bali alimwendea mtunza fedha kila alipohitaji.

Waskoti walileta elimu mpya, yaani kupasiana mpira, maana Waingereza wengi walikuwa wakikimbia nao kila mtu peke yake. Mwaka 1879 Darwen walicheza London na Old Etonians, mabwana wa shule kuu. Walikuwa nyuma 5 kwa 1, hata wakasawazisha 5 kwa 5. Wenyeji wa Darwen walichanga fedha za safari ya kurudiana. Wakashindwa katika mchezo wa tatu tu.

Mwaka 1880 Suter akahamia Blackburn Rovers, majirani zao, na Darwen wakakasirika sana. Pamoja na Blackburn alitwaa Kikombe cha Uingereza mwaka 1884, 1885 na 1886. Mwezi wa Julai 1885 sheria ikageuzwa, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa waziwazi. Suter alifariki mwaka 1916.

Twajifunza nini? Ujira wa kazi si aibu. Kuuficha ndiko kulikoleta fitina kati ya miji miwili. Tena sheria isiyomjali maskini humtia katika jaribu la kusema uongo. Basi wazazi na walimu, tuwalipe watu haki yao mchana, mbele ya macho ya wote. Na vijana wetu wakiwa uwanjani, tuwafundishe kumpa mwenzao mpira.