Ramani ya Jiko Niliyoichana Mara Mbili

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, katika kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Ni nyumba ya mawe, ya marehemu baba na kabla yake ya babu; kuta zake unene wa nusu mita, vyumba virefu vyembamba, na dari za boriti. Mwezi wa Rajabu niliketi barazani na fundi, nina daftari la hesabu lenye miraba, penseli na utepe wa kupimia. Ndugu zangu walikuwa wamechanga fedha. Kaka yetu mkubwa aliyeko Mombasa ndiye aliyetoa nyingi, nami nikapewa dhamana ya kusimamia: jiko na choo cha mama vivunjwe, vijengwe upya kwa mtindo wa siku hizi.

Kwa muda wa saa mbili tulichora, tukafuta, tukanywa kahawa, tukachora tena. Nilipomaliza nilijiona mhandisi. Jiko lilikuwa na meza ya saruji ukutani kote, sinki la chuma, makabati juu na chini, na vigae vyeupe mpaka kwenye boriti. Choo kilikuwa na kiti cha kukalia, bomba la mvua, na marumaru ya kung'aa sakafuni. Birika tuliamua livunjwe, maana lilikuwa likila nafasi.

Nikapanda kumwonyesha mama. Aliishika ile karatasi akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kichwa cha ngisi, kisha akaniuliza swali moja tu:

"Na mbuzi nitaiketisha wapi?"

Msomaji aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa ni mbuzi gani. Mbuzi ya kukunia nazi haitumiwi na mtu aliyesimama. Mpishi huikalia, sahani ikawa chini ya meno ya chuma, na mikono yote miwili ikafanya kazi. Mama yangu hupika ameketi. Mbuzi, kifumbu, ungo wa kupetea mchele, kata ya maji, upawa, vyote huwa pale mkono unapofika, na jiko la makaa liko mbele yake kwa kimo cha goti. Mimi nilikuwa nimemchorea jiko la mtu wa kusimama wima tangu alfajiri hadi adhuhuri, naye ana miaka 79.

"Wewe umepata kupika humo?" akauliza tena.

"Sijapata, mama."

"Na fundi, je?"

Nikaichana ile karatasi nikateremka. Fundi alikuwa angali barazani, na kikombe chake cha kahawa kimeshapoa.

Nilidhani kosa langu lilikuwa la jiko tu. Usiku ule, baada ya Isha, dada yangu anayekaa na mama aliniita kando kwenye kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, akanieleza jambo ambalo mama hakunieleza wala asingenieleza. Tangu alipoteleza chooni mwaka jana akavunjika kifundo cha mkono, mama hanywi maji baada ya Maghrib. Hujizuia kwa makusudi, ili asilazimike kuamka usiku kwenda huko. Katika joto la Kaskazi mdomo humkauka, na asubuhi huamka na kizunguzungu. Na katika mwezi wa Ramadhani, ambapo usiku ndio wakati wa kunywa, hali huwa mbaya zaidi.

Sakafu aliyoteleza mama naijua vizuri. Niliisimamia mimi mwaka 2009. Ilikuwa sakafu ya zamani ya chokaa, ngumu, yenye ukwaru kidogo chini ya wayo, imechakaa pembeni. Mimi nikaona aibu ya wageni, nikamwagisha saruji juu yake, nikamwambia fundi wa wakati ule aisugue mpaka iwe kama kioo. Akaisugua. Na sasa, katika ramani ya pili niliyokwisha kuianza usiku huohuo, nilikuwa nimeandika marumaru ya kung'aa. Ramani ya pili nayo nikaichana.

Siku ya tatu sikuchora kitu. Niliketi chooni, msinicheke, mchana mlango wazi, nikatazama chumba kile kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Mafundi waliojenga nyumba za mawe za Lamu hawakuwa wajinga wa maji. Birika limejengwa pembeni, na katika ukuta mna tundu: maji yaliyochotwa kisimani yalimiminwa kwa upande wa pili wa ukuta, yakaingia birikani bila ya mchotaji kupita chooni wala kumwona aogaye. Chini ya birika, sakafuni mwake, kuna bakuli la kaure lililojengewa humohumo. Mtu wa kuja kutazama hudhani ni pambo. Lilikuwa makao ya visamaki. Maji yanapopungua au birika linaposafishwa, visamaki hubaki na kidimbwi chao, na kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunavipa majina.

Choo chenyewe kimepangwa hivi kwamba mtu akichuchumaa anatazama magharibi. Hapa ndipo fundi aliponitoa jasho. Katika ramani ya kwanza kiti tulikuwa tumekielekeza kaskazini kwa sababu bomba la maji machafu lilikuwa fupi upande ule. Sasa Makka kwetu sisi ni kaskazini takriban sawasawa, hata mtoto wa chuoni Lamu anajua. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba ndani ya kuta kuna ruhusa, na katazo lenyewe ni la mahali pa wazi. Lakini watu wetu wamependelea siku zote kujiepusha, na mama angejisikia vibaya kila aingiapo. Watu wa Madina Kibla chao kiko kusini, chetu kiko kaskazini, kwa hivyo agizo la kuelekea mashariki au magharibi linatutosha sote. Kiti kikageuzwa kitazame mashariki, upande wa bahari na Manda. Bomba likaongezeka mita mbili. Na bomba la maji machafu hutaka mteremko, kama sentimita 5 kwa mita 2, kwa hivyo sakafu nayo ikabidi ihesabiwe upya.

Halafu shimo. Katika mitaa yetu ya mawe visima na mashimo ya vyoo viko jirani mno, kwani mji ni wa kushikana na kila nyumba inacho chake. Tangi la zamani la kusukumia uchafu hutumia kiasi cha lita 9 kila mara. Nyumba yenye watu 6, kila mmoja akiingia mara 5, hizo ni lita 270 kwa siku za maji matamu yanayotoka kwenye visima vya mchanga wa Shela, nayo yanamiminwa shimoni yapenye ardhini yarudi kisimani kwa jirani. Na kwetu maji ya mfereji hayaji kila siku. Kata moja ya lita mbili tatu, ikimwagwa vizuri kwenye choo kilichotengenezwa kwa kumwagiwa, hufanya kazi ileile. Basi ikawa kiti cha kukalia kwa ajili ya magoti ya mama, lakini cha kumwagia kwa mkono, na birika libaki kando yake ili maji yawepo wakati wote, kwa istinja na kwa wudhu. Lile birika tulilolihukumu kifo ndilo likaokoa hesabu yote.

Tangi la juu nalo nilitaka kubwa, lita 1,000, liwekwe darini. Fundi akanitazama kwa huruma. Lita 1,000 ni uzito wa tani nzima, bila ya tangi lenyewe, na boriti za nyumba hii zilikatwa kubeba watu na mikeka. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: boriti ya mkoko haiwezi kuvuka upana mkubwa bila kulegea. Zaidi ya hayo, boriti nzuri si rahisi kupatikana. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, wakataji wa mikoko wa Lamu waliumia, na waliokuwa wakijenga wakaumia nao. Tukaafikiana tangi kubwa likae chini kwenye kiwanda, na dogo la lita 250 likae juu ya pembe ya kuta mbili, mzigo uende kwenye mawe.

Juu ya saruji nimejifunza kwa gharama. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini, tena unyevu wenye chumvi, na chokaa huuacha utoke. Ukiupaka saruji, maji hukwama ndani, chumvi hujijenga, na baada ya misimu michache plasta hujitenga na kuanguka vipande vipande, pamoja na ngozi ya ukuta. Plasta yangu ya 2009 imeanguka hivyo upande wote wa birika. Safari hii ukuta utapakwa chokaa, na saruji itakuwa mahali pa maji yanaporuka tu, nyuma ya vigae vya kimo cha mtu aliyeketi. Sakafu itakuwa ya vigae vidogo vya ukwaru. Kaka yangu amezitazama picha zake akasema zafanana na njia ya hospitali. Sawa, zafanane.

Na kaka huyo ndiye aliyekuwa kikwazo kikubwa, Mungu amhifadhi, kwani ametoa fedha na ana haki ya kusema. Hoja yake ilikuwa kwamba jiko lianze. Jiko ndilo litakaloonekana siku ya Idi, alisema, choo nani anakiona? Fedha hazikutosha vyote viwili. Mchanga na kokoto Lamu hupimwa kwa mzigo wa punda, na kila mzigo una bei yake kutoka gatini hadi mlangoni. Nilimpigia simu nikamweleza habari ya maji baada ya Maghrib. Alinyamaza kwa muda nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Anzeni na choo." Hakuuliza tena kuhusu makabati.

Jiko bado linanisumbua. Liko juu darini, chini ya makuti, kama majiko mengi ya nyumba za zamani, ili moshi uende zake na joto lisikae nyumbani. Ngazi zake ni vidato 17, vya kimo kisicholingana. Kwa magoti ya mama mimi niliona jambo liko wazi: literemshwe chini, kando ya kiwanda, na mtungi wa gesi, basi. Mama akakataa. Nikamweleza habari ya vidato. Akasema vidato anavijua kuliko mimi, ni yeye anayevipanda.

Dada ndiye aliyenifahamisha. Juu kule darini ndiko mama anakozungumza. Jirani wa upande wa kusini naye hupika darini, na yule wa ng'ambo ya kichochoro vilevile. Kuna kupeana chumvi juu ya kuta, kuna kuulizana hali, kuna habari za nani amejifungua na nani ni mgonjwa, na mwanamke hahitaji kuvaa buibui wala kuteremka njiani ili ajue mji umeamkaje. Chini kwenye kiwanda hakuna mtu. Kumteremshia mama jiko ni kumpunguzia ngazi na kumpunguzia watu, na mimi sijui kipimo cha kulinganisha mambo hayo mawili.

Kwa sasa tumekubaliana nusu kwa nusu. Chini patakuwa na meko madogo ya gesi, ya chai, uji na kupasha moto, yaliyojengwa kwa kimo cha mtu aliyeketi kwenye kibao, na mfereji wenye beseni lake chini kwa chini. Juu patabaki jiko la makaa la mchuzi na wali, na ngazi itawekwa kamba nene upande wa ukuta, kama ya jahazi. Mama hajasema ndiyo. Amesema tutatazama.

Mchoro, ambao ni wa tatu, nimeupeleka kwa watu wa Makumbusho, kwani mji huu wa kale uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001 na nyumba ya mawe haivunjwi ukuta bila ruhusa. Wengine hulalamika juu ya sharti hilo. Mimi, kwa kweli, lau lingenizuia mwaka 2009 ningeshukuru.

Jana fundi alikuja kupima mahali pa chuma cha kushikia kando ya kiti. Nilikuwa tayari na vipimo vyangu. Mama akatusukuma kando, akaweka kigoda pale kitakapokaa kiti, akaketi, akanyosha mkono wake wa kulia, ule usiovunjika, akausimamisha pale ulipopenda kusimama. Kisha akaomba kaa la jikoni akapiga alama nyeusi ukutani. Fundi akapima kutoka sakafuni: sentimita 74. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika 90.