Padri wa Mlipuko Mkuu

Wanaodhani kwamba kanisa na sayansi ni paka na panya hushangaa wakiambiwa kuwa mwasisi wa nadharia ya Mlipuko Mkuu, isemayo kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipata upadri mwaka 1923, akasomea elimu ya nyota Cambridge, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Leuven. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa ulimwengu unapanuka. Albert Einstein alizikubali hesabu zenyewe lakini hitimisho akalikataa kwa ukali. Baadaye alibadili msimamo.

Novemba 1951 Papa Pius XII, akihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, alizungumza kana kwamba fizikia mpya imethibitisha uumbaji. Ungetarajia padri wetu ashangilie.

Hakufurahi hata kidogo. Kwake, nadharia ya kisayansi hupimwa kwa vipimo na hesabu. Leo imekubaliwa, kesho huenda ikarekebishwa, na imani iliyoegemezwa hapo itayumba nayo. Tena hakutaka wasioamini waikatae nadharia yake kwa kudhani ni mahubiri yaliyovishwa joho la chuo. Kushika msimamo huo kulihitaji ujasiri, kwani aliyetofautiana naye ni mkuu wake. Mwaka uliofuata, Papa alipokutana na wanaastronomia mjini Roma, hakuirudia hoja ile.

Lemaître alifariki Juni 1966, muda mfupi baada ya kuarifiwa kwamba masalia ya mnururisho wa kale wa ulimwengu, ushahidi wa nadharia yake, yamegunduliwa. Mwaka 2018 wanaastronomia walipiga kura kupendekeza kanuni ya kupanuka kwa ulimwengu, iliyokuwa ikiitwa ya Hubble, iitwe ya Hubble na Lemaître.