Kamera za Ulinzi na Faragha ya Waamini



Mjini Karatu, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, kamera za ulinzi zimekuwa jambo la kawaida hotelini na madukani, na kwetu kanisani zinaanza kuzoeleka. Sababu inaeleweka: sanduku la sadaka likivunjwa usiku, hasara ni ya jumuiya nzima. Lakini kamera iliyounganishwa na intaneti mara nyingi hupeleka picha zake kwenye mitambo ya kampuni yenye programu, pengine ng'ambo, ndipo zifike katika simu ya paroko au katibu. Apataye nywila ya akaunti hiyo huona yote wayaonayo wao.

Na nywila hupatikana kwa urahisi wa kusikitisha. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa kiwandani, ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter zikakwama kwa saa kadhaa. Hata wanyama hawasalimiki: mwaka 2013 nchini India, mtu alijaribu kufungua barua pepe iliyopokea taarifa za kola ya chui milia wa Hifadhi ya Panna. Sisi majirani wa faru weusi wa kreta twaelewa upesi kwa nini.

Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa yakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake. Ibara ya 16 ya Katiba yetu yailinda pia, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Basi kamera isielekezwe kamwe kwenye kiti cha kitubio, wala mahali ambapo wanandoa wenye misukosuko huja kulia mbele ya padre. Baadhi ya kamera hunasa hata sauti, jambo ambalo mafundi husahau kulisema. Nyumbani nako, dada wa kazi aelezwe kamera ilipo, na chumba chake kiachwe.

Fundi akimaliza kufunga, badilisheni nywila kabla hajaondoka, na akaunti aliyoitumia kujaribia ifutwe. Katibu akihamishwa, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.