Nilimpa mteja adapta ya bure, nusura ichome nyumba

Meseji ilinifikia saa nane usiku. Mteja wangu wa Morogoro, ambaye siku tisa kabla nilimtumia mashine ya kuchimba bitcoin kwa basi, aliandika: "Kaka, plagi imeganda kwenye soketi, haitoki. Kuna harufu." Nikampigia hapohapo. Nikamwambia asiiguse ile plagi, akimbilie swichi kubwa azime nyumba nzima. Akazima. Mtoto wake alikuwa amelala chumba cha pili.

Naandika haya kwa sababu humu tupo wengi tunaouza vifaa vya kompyuta vya mtumba kwa WhatsApp na Instagram, na hizi mashine zimeanza kupita mikononi mwetu. Mi siyo mchimbaji. Nauza kadi za picha, pawasaplai, na siku hizi Antminer S9 mojamoja. S9 ilitoka mwaka 2016, wakubwa wameshaiacha maana inakula umeme kuliko inachoingiza, ndiyo maana bei yake imeshuka mpaka kijana anaweza kununua moja akajifunzie. Inavuta karibu wati 1,350 usiku na mchana, yaani uniti 32 hivi kwa siku. Mwambie mteja hilo kabla hajalipa. Wengine wakisikia hapo wanaghairi, na ni haki yao.

Asubuhi akanitumia picha. Mashine nzima. Pawasaplai nzima. Kilichoyeyuka ni adapta, kile kidude cheupe cha kufanya plagi ya Ulaya ya pini mbili za mviringo iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu. Na adapta hiyo nilimpa mimi, bure, nikijiona muungwana. Mzigo ulikuja na waya wa Ulaya, nikaona nisimsumbue kutafuta mwingine.

Mwanzoni nilijitetea moyoni. Wati 1,350 kwenye volti 230 ni ampea 6 tu, mbona pasi inavuta zinazokaribia hapo na hatuunguzi nyumba? Fundi umeme wangu alinijibu kwa swali: pasi unaishikilia saa ngapi? Unanyoosha mashati matatu, yenyewe ikipata joto inajikata, ukimaliza unachomoa. Mashine ya kuchimba haipumziki. Vyuma vya adapta ya bei rahisi vinagusana kwa kijisehemu kidogo, hapo panapata joto, joto linalegeza vyuma, vikilegea vinagusana kidogo zaidi, joto linazidi. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya tisa plastiki inanata.

Sasa hiki ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Siku ya tatu yule bwana aliniandikia kwamba akigusa bodi la mashine linamtekenya vidoleni. Nikamjibu, "Kawaida hiyo kaka." Siyo kawaida. Pawasaplai za aina hii huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye bodi lake la chuma, na ule waya wa kijani na njano, ethi, kazi yake ni kuupeleka ardhini. Adapta yangu ilikuwa na matundu mawili tu, ethi ikakatika palepale. Kutekenywa ilikuwa taarifa, na mimi nikaizima kwa meseji ya maneno matatu. Siku ambayo ndani ya pawasaplai pangeharibika kitu, bodi lote lingekuwa na umeme kamili na hakuna breka ambayo ingejua.

Nilimrudishia hela ya mashine na nauli ya basi. Mashine akabaki nayo, maana aliitaka, ila nikamtumia waya wa haki. Tangu hapo nina utaratibu wangu.

Waya kwanza. Ule unaoingia kwenye pawasaplai ya S9 ni wa aina ileile ya kompyuta ya mezani, kwa hiyo watu huchukua wa monita ya zamani. Soma maandishi yaliyopo juu ya waya wenyewe. Nyingi za monita zimeandikwa 0.75, yaani unene wa kila uzi kwa milimita za mraba. Mi kwa mashine natoa wa 1.0 au 1.5, mfupi, wenye plagi yetu ya pini tatu na fyuzi ndani. Bei yake naiingiza kwenye bei ya mashine. Mteja akisema anao wake nipunguze, simpunguzii.

Pili lebo ya pawasaplai. Ile maarufu ya S9, APW3++, inatoa wati 1,600 kwenye umeme wa volti 220, lakini kwenye 110 inatoa 1,200 tu. Ukiuza pawasaplai za kompyuta zilizotoka Marekani, zile za zamani zina kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230. Kiwe 230 kabla hujachomeka, la sivyo utasikia mlio na biashara imeisha. Na usiifungue "kuangalia", hata ikiwa imechomolewa. Ndani zina kapasita zinazotunza umeme.

S9 ina vichwa kumi vya pini sita: vitatu kwa kila bodi, bodi ni tatu, na kimoja cha bodi ya udhibiti. Vyote vichomekwe, visukumwe mpaka vilie tik. Mtu asiache kimoja kwa sababu "inawaka hata hivyo". Na asilishe bodi moja kwa pawasaplai mbili.

Kwa mnaouza kadi za picha na raiza, jihadharini na zile nyaya za kugeuza sata kuwa pini sita. Kichwa cha sata kimetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, wakati raiza inaweza kuvuta hadi 75. Vimeyeyuka vingi sana duniani kwa hesabu hiyo ndogo. Mi nimeacha kuviuza kabisa. Vilevile nyaya za pawasaplai ya kuchomeka-chomoa usizihamishie pawasaplai ya kampuni nyingine hata kama zinaingia vizuri. Mpangilio wa pini hutofautiana, na unaweza kuua kadi ya mteja kwa sekunde.

Halafu kuna S19. Hii inakula wati 3,250 na ina nyaya mbili za umeme. Kila waya peke yake unabeba ampea 7, hakuna shida. Shida ni mteja akizichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, maana zinafika 14 na plagi ya ekstensheni ni ya 13. Usidhani fyuzi itamwokoa. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa 14, inaendelea kubeba saa baada ya saa huku plagi ikipikika. Mashine hiyo inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye breka, na fundi wangu hukubali waya wa milimita 4 kwa kazi hiyo, siyo ule wa 2.5 wa soketi za kawaida.

Kwa hiyo sasa kabla sijapokea hela naomba picha mbili: soketi atakayotumia, na ubao wa breka. Nauliza nini kingine kipo kwenye soketi hizo, na kama nyumba ina ethi. Wengine hukasirika, "we muuzaji au TANESCO?" Mwezi uliopita mmoja wa S19 alinitumia picha ya ekstensheni imeviringishwa chini ya kitanda. Nikamwambia aite fundi kwanza, akanibloku.

Mashine ikifika, namwambia mteja aiwashe saa mbili, azime, kisha ashike plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikimlazimu kuiachia, isiwashwe tena mpaka tumezungumza. Yule wa Morogoro bado hunitumia meseji ya "vuguvugu" kila Jumapili bila kuombwa.

Adapta nilizobakiwa nazo zilikuwa kumi na moja. Nilizivunja kwa nyundo.