Maji Yapo, Pampu Imekufa

Vijiji vyetu vingi vimechimbiwa visima virefu na kufungiwa pampu za mkono. Siku ya kufungua ngoma hulia. Baada ya miaka miwili mitatu pampu imenyamaza, na akina mama wamerudi lamboni kuchota maji pamoja na ng'ombe. Kisima hakikukauka. Sasa je, kimetokea nini?

Mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo. Ndani ya pampu, kule chini, mna mpira wa duara. Kila tunapopiga mpini mpira huu husuguana na bomba, basi huchakaa kama soli ya kandambili. Chini yake mna vali, yaani mlango mdogo unaozuia maji yasirudi kisimani. Pampu hutuonya kabla haijafa. Ikiwa asubuhi tunapiga mpini mara nyingi bila kitu, ndipo maji yaje vizuri, vali inavuja. Ikiwa maji yanatoka kidogo kidogo muda wote, mpira umekwisha. Hapo fundi aitwe siku hiyo hiyo. Pampu ya aina ya Afridev ilitengenezwa ili fundi wa kijiji aifungue kwa spana moja tu.

Zamani tulingoja Serikali. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kila kaya ipate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Miradi ilijengwa, na maji yalikuwa bure. Lakini pampu ikiharibika, fundi alitoka mbali. Leo gari halina mafuta, kesho kipuri hakuna. Mwaka 1991 ukafika, lengo halikufikiwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasema wanavijiji wamiliki miradi yao na walipie uendeshaji. Tangu mwaka 2019 ipo RUWASA, na vijijini vipo vyombo vya watumia maji.

Wengine husema, ati maji ni ya Mungu, tulipie nini? Kweli, maji ni ya Mungu. Mpira unauzwa dukani.

Hebu tupige hesabu. Kaya 60 zikitoa shilingi 500 kila mwezi, tunapata shilingi 30,000. Kwa mwaka ni shilingi 360,000. Fedha hizo ziandikwe daftarini, zilizoingia na zilizotoka, na daftari lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Sisi tuliohitimu kisomo tuliombe, tulisome wenyewe. Tukikuta tarakimu zimefutwafutwa, tuulize pale pale. Tunavyoona sisi, mifuko mingi ya maji haifi kwa umaskini. Hufa kwa sababu watu wameacha kumwamini mweka hazina.

Shule nayo imo. Pampu ikisimama, mwanafunzi hutumwa mbali na dumu, na kipindi cha kwanza kinampita, hasa msichana. Shule inayotumia kisima cha kijiji ichangie pia, na walimu wapange zamu ili watoto wasining'inie kwenye mpini. Choo kisichimbwe karibu na kisima. Angalau mita 30 ziwepo kati yao.

Na kwa siku ambazo pampu bado haijapona, maji ya lambo tuyachuje kwa kitambaa safi, tuyachemshe mpaka yatokote, tuyapoze yakiwa yamefunikwa, kisha tuyachote kwa kata yenye mpini, siyo kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.