Ila Katika Karavani Mpya: Haki ya Mnunuzi na Muda Wake

 

Leo tunapenda kueleza habari ya mtu aliyenunua kitu kipya kwa mali nyingi, kisha akakuta ndani yake ila kubwa. Mfano tutakaoutumia ni wa Uingereza, ambako wapo ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, waliohamia huko kutoka Unguja, Mombasa, Lamu na Barawa. Katika nchi ile watu wana desturi ya kwenda likizo na nyumba nzima nyuma ya gari. Nyumba hiyo ina magurudumu, vitanda, jiko la gesi, friji na choo, nayo hukokotwa na gari la familia. Wenyewe huiita karavani, neno lenye asili ya Kiajemi lililokuwa na maana ya msafara. Kwetu sisi msafara ulikuwa wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kwao leo ni baba, mama na watoto waendao ufukoni mwezi wa Agosti.

Karavani mpya si kitu cha bei ndogo. Nyingi huuzwa kati ya pauni 20,000 na 30,000, na nyingine hupita hapo. Kwa familia ya kawaida hiyo ni akiba ya miaka mingi. Basi tuseme mtu ametoa pauni 28,000, ameikokota karavani yake hadi nyumbani, na baada ya mvua ya wiki ya pili mkewe akaona doa la maji chini ya dirisha la mbele. Akabonyeza ukuta kwa kidole, ukabonyea. Afanye nini?

Kwanza yatupasa kuijua ila yenyewe. Ukuta wa karavani kwa kawaida ni wa matabaka: nje bati la alumini au plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, katikati povu gumu la kuzuia baridi, ndani ubao mwembamba wa plaiwudi. Pale bati linapokutana na bati, na pale dirisha au tundu la paa lilipokatwa, huzibwa kwa gundi maalumu. Gundi ikiwa na upenyo, hata wa unywele, maji huingia yasionekane. Hukaa ndani ya povu na mbao, yakaozesha taratibu, na kwa nje rangi ikaendelea kung'aa. Fundi mkaguzi hugusisha ukutani kipimo cha unyevu. Mafundi kwa kawaida huridhika na kipimo kilicho chini ya asilimia 15; kikipita 20 huwa ni dalili ya maji kupenya, na kikipita 30 huhofia kuwa mbao zimekwisha kuharibika. Ziko ila nyingine pia, kama sakafu inayolegea chini ya mguu, breki zisizoshika na bomba la gesi linalovuja, na hii ya mwisho ni ya hatari kwa uhai. Lakini unyevu ndio ulio maarufu zaidi, kwa kuwa hujificha.

Wasikilizaji wengi hapa watakuwa wamekwisha kukumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenye nafaka, naye akajibu kuwa mvua ilinyesha. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka juu ile iliyotota ili watu waione, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Yatazameni vizuri masimulizi hayo: mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini.

Sasa turudi kwa mnunuzi wetu. Huyu aghalabu hutenda kama tulivyolelewa kutenda. Humwendea muuzaji kwa upole, naye muuzaji humwambia: andikia kiwanda, maana dhamana ni ya kiwanda. Huandika. Kiwanda humjibu kwamba vipuri vimeagizwa. Wiki zapita. Mnunuzi husubiri, na katika nafsi yake huona anasubiri kama Mwislamu mwema. Kusubiri kwa namna hiyo ndiko kunakompotezea haki yake, na kwa ajili hiyo tumelichagua jambo hili lielezwe leo.

Sheria ya haki za wanunuzi ya Uingereza ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo, yaeleza kwamba kitu kinachouzwa na mfanyabiashara lazima kiwe cha ubora wa kuridhisha, kifae kwa kazi yake, na kilingane na maelezo yaliyotolewa. Na mwenye kuwajibika ni yule aliyeuza. Mkataba ni kati ya mnunuzi na duka, na kiwanda hakimo. Dhamana ya kiwanda ni nyongeza tu juu ya haki hiyo, wala haiiondoi. Kwa hivyo muuzaji anaposema nenda kiwandani, jibu la adabu ni hili: sikununua kiwandani, nimenunua kwako.

Kisha iko hesabu ya siku. Katika siku 30 za mwanzo, tangu karavani ilipokuwa mali yake na kukabidhiwa kwake, mnunuzi aliyekuta ila ana haki ya kuikataa na kurejeshewa fedha zake zote. Halazimiki kukubali matengenezo kwanza. Lakini akiomba itengenezwe, siku husimama kuhesabiwa wakati wa matengenezo, na ikirudi huwa na siku zilizobaki, au siku 7 ikiwa zilizobaki ni chache kuliko hizo. Muda huu ukipita kabla hajasema kwamba anaikataa, haki hii ya kwanza imekwisha. Zitabaki nyingine, lakini zina njia ndefu zaidi.

Wanafunzi wa fiqhi hawatashangazwa na muda mfupi namna hii. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, khiyari ya kurejesha kwa sababu ya ila ni ya papo hapo tangu mnunuzi anapoijua. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba aliyekuwa katika sala au chakula anaweza kumaliza, na aliyejua usiku anaweza kungoja asubuhi. Zaidi ya udhuru wa namna hiyo hana. Tena yampasa aache kukitumia kitu hicho. Ikiwa ni mnyama, akiacha hata tandiko juu ya mgongo wake, haki huanguka, isipokuwa mnyama awe mkaidi asiyekubali kuongozwa ila kwa kupandwa. Huyo anaweza kumpanda katika njia ya kumrejesha. Basi mwenye karavani na ayapime mambo yake kwa tandiko hilo. Kuikokota kuirudisha dukani ni jambo moja. Kuipeleka Wales wiki mbili na watoto, kisha kudai kwamba umeikataa, ni jambo jingine, na muuzaji mjanja hatakosa kulisema mbele ya hakimu.

Tumeulizwa mara nyingi juu ya yale maneno yanayobandikwa madukani, hata huku kwetu, kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Katika sheria ya Uingereza tuliyoitaja, mfanyabiashara hawezi kujivua wajibu wake kwa mnunuzi kwa maneno ya namna hiyo, hata akiyachapa kwenye risiti na mnunuzi akatia sahihi. Na kwa Mashafii, sharti la muuzaji kutodaiwa ila halimwokoi, ila kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Kwa maana mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na ndani yake hapaonekani. Karavani si mnyama.

Siku 30 zikiisha, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Ni lazima afanye hivyo katika muda wa kiasi na bila ya kumsumbua mno mnunuzi, tena kwa gharama yake mwenyewe. Nafasi ni moja. Baada ya tengenezo moja karavani ikiwa bado haikutimiza masharti, mnunuzi anaweza kuikataa kabisa, au kubaki nayo na kupunguziwa bei. Hapa pana jambo zuri la kulijua. Katika miezi 6 ya mwanzo ila iliyojitokeza huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Lakini dhana hiyo haimsaidii mwenye kutumia ile haki ya siku 30; huyo hutakiwa alete ushahidi mwenyewe. Kwa sababu hii ripoti ya fundi mkaguzi asiye na uhusiano na duka ni fedha iliyotumika vyema.

Tena akiikataa ndani ya miezi 6 hiyo, muuzaji haruhusiwi kukata kitu chochote kwa ajili ya matumizi. Gari lenye injini limeondolewa katika rehema hii, ikiwamo nyumba inayojiendesha yenyewe. Karavani ya kukokotwa haina injini, nayo haihesabiwi kuwa gari la namna hiyo. Wengine huona kwamba muuzaji anadhulumiwa. Lakini mambo haya yaliamuliwa zamani. Mtu alinunua mtumwa, akamtumikisha, kisha akaona ila akamrejesha, muuzaji akadai ujira wa kazi ile, na Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba pato ni la yule aliyekuwa amebeba dhamana ya hasara. Lau mtumwa yule angekufa mikononi mwa mnunuzi, hasara ingekuwa ya nani?

Kuikataa kwenyewe si kelele za simu. Ni barua, au barua pepe yenye tarehe, itajayo namba ya utambulisho ya karavani, siku iliyokabidhiwa, ila moja moja na siku zilipoonekana, na neno wazi kwamba mnunuzi anaikataa kwa mujibu wa sheria ya 2015 na anadai fedha zake. Maneno kama "sikuridhika" au "naomba mniangalilie" hayatoshi; hayo ni malalamiko, si kukataa. Picha ziambatishwe. Gharama za kiasi za kuirejesha ni juu ya muuzaji, ila pale mnunuzi anapotakiwa tu kuirudisha mahali alipoichukulia. Muuzaji akikubali, fedha zirudi bila ya kuchelewa, zisipite siku 14.

Na aliyelipa vipi? Ikiwa sehemu yoyote ya bei, hata amana ya pauni 100, ililipwa kwa kadi ya mkopo, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 humfanya mwenye kutoa kadi awajibike pamoja na muuzaji, mradi bei ya kitu izidi pauni 100 na isizidi 30,000. Benki isipojibu kwa kuridhisha katika wiki 8, mlalamikaji anaweza kupeleka shauri kwa msuluhishi wa mambo ya fedha bila ya malipo. Wako wanaojiepusha na kadi hizo kwa kuogopa riba, nasi hatuwalaumu. Wajue tu kwamba kadi ya benki ya kawaida haina sheria hiyo nyuma yake. Ina utaratibu wa makampuni ya kadi wa kurudisha malipo, ambao una muda wake na si haki ya kisheria.

Mnunuzi naye ana mipaka. Skurubu iliyolegea au mlango wa kabati unaokwaruza ni kasoro ndogo. Inaweza kudaiwa itengenezwe, lakini si uungwana kuikuza ili mtu ajitoe katika ununuzi aliokwisha kuujutia. Aliyechoka na karavani yake baada ya likizo moja, akatafuta doa la kuirejeshea, naye ameweka kavu juu na mbichi chini.

Ikibidi kwenda mahakamani, England na Wales zina utaratibu mwepesi wa madai madogo yasiyozidi pauni 10,000, ambao mtu huweza kuuendesha bila ya wakili. Bei ya karavani nzima kwa kawaida hupita kiasi hicho, na hapo anayeshindwa huenda akabebeshwa gharama za mwenziwe. Afadhali kuuliza mwanasheria kabla ya kufungua shauri. Mlango wa kudai hubaki wazi miaka 6 katika England na Wales, na miaka 5 katika Scotland. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania nao wana sheria za uuzaji wa bidhaa zilizochukuliwa kutoka sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, lakini zile siku 30 hazimo ndani yake. Anayenunua kitu kikubwa Mombasa au Dar es Salaam asome masharti ya huko, na barua yake aiandike siku ile ile anapoiona ila.